Sufuria Ikishajaa: Raha ya Mvuvi na Haki ya Samaki

Katika darasa yetu liliulizwa swali ambalo baadhi ya wenzetu walilicheka, wakaona ni dogo mno kupewa nafasi katika kurasa hizi. Swali lenyewe ni hili: mtu akiwa amekwisha kuvua samaki wa kumtosha yeye na watu wake, je, yafaa aendelee kuvua kwa ajili ya raha tu, na kila samaki ampataye amrudishe majini akiwa hai? Sisi hatukulicheka, kwani sisi ndio tuliolileta. Lilitukuta ziwani, mbele ya rafiki yetu na mbele ya mzee mwenyeji wetu, nasi tukashindwa kulijibu papo hapo. Twaliandika leo ili tueleze jinsi lilivyotokea, hoja za kila upande, na tulipofikia baada ya kufikiri.

Mwezi wa Januari uliopita tulikwenda Kisegi, kule Gwassi, ambako kaunti ya Homa Bay yakaribia kaunti ya Migori. Tulifuatana na rafiki yetu tuliyesoma naye tangu utotoni, ambaye baadaye alikwenda Marekani akakaa huko miaka mingi. Katika mizigo yake alileta ufito mwepesi wa kuvulia na kijisanduku cha ndoana ndogo ndogo. Kila ndoana ilikuwa imevikwa nyuzi na manyoya ya ndege hata ikafanana na mdudu. Alitueleza kuwa mdudu yule wa bandia hana uzito, kwa hiyo hawezi kutupwa mbali kama ndoana yenye risasi; mshipi wenyewe ndio wenye uzito, nao ndio umchukuao ukamtua juu ya maji polepole, kana kwamba ameangushwa na upepo. Huko alikokaa, katika maziwa yenye maji maangavu, watu huvua kwa namna hii samaki wenye upana wa kiganja, ambao kwa lugha yao huitwa samaki wa kikaango, kwa kuwa hutosha kikaangoni bila ya kukatwa. Akasema kuwa uvuvi huo hauna ladha kwa mtu aliye peke yake. Ladha yake ni watu wawili katika chombo kimoja, huyu akitupa na huyu akitazama.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mvuvi, ambaye watu wa huko humwita Jaduong', yaani mtu mzima mwenye heshima, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alitupakia katika mtumbwi wake alfajiri, baada ya sala. Maji ya upande ule, yaliyo wazi kwa ziwa kuu, ni safi kuliko yale ya Ghuba ya Winam, na asubuhi ile tuliweza kuona mawe yaliyo chini yetu karibu na ufuo. Mbali kidogo usubi wa ziwani ulikuwa ukipanda kama moshi wa jiko kubwa, na samaki wadogo walikuwa wakiruka kuufuata. Rafiki yetu akatupa mdudu wake katikati yao. Mara ya tatu akapata samaki; na kabla jua halijawa kali, walikuwa wamelala watano ndani ya mtumbwi, kila mmoja mwenye kutosha kuwekwa mezani.

Jaduong' akawatazama, akasema, "Wametosha, Mwalimu. Turudi."

Rafiki yetu akacheka, akamjibu kwa adabu, "Jaduong', sasa ndiyo raha inaanza. Hawa wanaofuata nitawarudisha wote." Akatupa tena, akapata, akamshika samaki kwa mkono uliolowa maji, akamtoa ndoana mdomoni, akamwachilia. Samaki akakaa kidogo kama aliyepigwa na bumbuwazi, kisha akatoweka. Akafanya hivyo mara ya pili na ya tatu.

Hapo mzee akauliza bila ya hasira, kama mtu atakaye kujua, "Kama humtaki, umemwita kwa nini?"

Rafiki yetu hakuwa na jibu, nasi hatukuwa nalo. Tukarudi ufuoni kimya.

Na tuanze kwa upande wa mzee. Dini yetu imehalalisha kilichovuliwa majini, imekihalalisha kwa ukunjufu mkubwa, wala haikutushurutisha kumchinja samaki kama tumchinjavyo mbuzi. Lakini twajua kuwa mavuo yale yalitajwa kuwa ni chakula na manufaa kwa watu na kwa wasafiri. Hayakutajwa kuwa ni mchezo. Twajua pia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kiumbe chenye roho kisifanywe shabaha ya kulengwa. Na yamepokewa mafundisho kuwa hata ndege mdogo aliyeuawa pasi na haja atamshitaki muuaji wake siku ya hesabu. Kwa msingi huu wanavyuoni wengi wamechukia uwindaji usio na makusudio ila kujifurahisha, hata pale ambapo uwindaji wenyewe ni halali.

Mtu aweza kusema: samaki si ndege, naye hasikii maumivu. Maneno haya yalisemwa kwa muda mrefu, lakini siku hizi hayawezi kusemwa kwa wepesi. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza waliwachunguza samaki waitwao trauti, wakaona kuwa vichwani na midomoni mwao mna mishipa ya fahamu ipokeayo dalili za madhara, na kuwa samaki aliyetiwa kitu kichungu mdomoni hubadili mwenendo wake na kuacha kula kwa muda. Nchi ya Uswisi, ambayo si ya Waislamu, iliandika mwaka 2008 katika kanuni zake za kuwalinda wanyama kuwa haijuzu kumvua samaki kwa nia ya kumrudisha. Swali la mzee wa Kisegi, asiyekwenda chuo, ndilo lililoandikwa katika sheria za Ulaya.

Kama tungeishia hapa, makala yetu ingekuwa nyepesi na wasomaji wangeridhika. Tungemlaumu mgeni na mchezo wake wa kigeni, tukamsifu mzee na desturi yake, tukafunga kalamu. Lakini jioni ile, tulipokuwa tumeketi nje baada ya chakula, rafiki yetu alileta hoja zake, na haki yataka zisikiwe.

Alisema hivi: "Mzee ameniuliza kwa nini namwita nisiyemtaka. Neno lake ni kweli. Lakini wavu wawaita wote, unaowataka na usiowataka, na hakuna hata mmoja anayerudi hai. Mimi nimewarudisha watatu, nao pengine wote wamepona. Ni nani kati yetu aliyelitendea ziwa vibaya zaidi?"

Kisha akaeleza jambo ambalo mzee mwenyewe alilikubali kwa kutikisa kichwa. Ngege na jamaa zake wana tabia ya ajabu katika kulea. Mama huyakusanya mayai yake kinywani, akayaatamia humo hata yakaanguliwa. Na watoto wakiisha kuogelea, huwafungulia kinywa kila pakitokea hatari, wakaingia. Katika siku hizo za malezi mama hali chakula, au hula kidogo sana. Basi ndoana, iwe na nyungunyungu au na manyoya, mara nyingi humpita mama aliye na watoto, kwa sababu ndoana humpata yule tu anayekuja kula. Wavu hauna habari ya njaa wala ya malezi. Humnasa mama na kinywa chake kimejaa, na anapotolewa majini huwatema watoto wake, wakafa naye mchangani.

"Na tena," akasema, "mtu aliyekaa asubuhi nzima akitazama maji kwa ajili ya samaki mmoja hulipenda ziwa. Atakuwa wa kwanza kulia likichafuliwa."

Tukakubali kuwa hoja hizi zina uzito. Na siku ya pili tukakutana na jambo lililozidi kutuaibisha. Katika soko moja la njiani, ambalo hatulitaji, tuliona makapu ya samaki wachanga, wengi wao hawakuzidi urefu wa kidole, waliovuliwa kwa nyavu zenye matundu madogo kuliko yaliyoruhusiwa. Tukamwuliza mama aliyekuwa akiuza, naye akatujibu, "Baba, ndio waliopo." Hatukuwa na la kumlaumu, kwa maana yeye hakuvua. Lakini tulikumbuka kuwa samaki kama hao tumewala nyumbani kwetu mara nyingi, tukawasifu kwa utamu, wala hatukuuliza hata mara moja wametoka wapi. Mgeni alipowarudisha samaki watatu tulikunja uso, na sisi wenyewe tumekula mamia ambao hawakupewa nafasi ya kukua.

Na tulitazame ziwa lenyewe, kwani linatoa ushahidi. Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina eneo la kadiri ya kilomita za mraba 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia sita tu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini samaki aliyekuwa mfalme wa ziwa hili ni ngege. Wenyeji walimvua kwa mitego ya matete, kwa vikapu na kwa ndoana. Mwaka 1905 zikaletwa nyavu za jarife kutoka Ulaya, na mavuno ya kwanza yakawa makubwa mno. Haikupita miaka mingi yakaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 ukafanywa uchunguzi wa ziwa zima, na mshauri wake akasema kuwa wavu wenye tundu lililo chini ya inchi tano upigwe marufuku, ili ngege apate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Sheria ikawekwa. Lakini kadiri samaki wakubwa walivyoadimika, ndivyo watu walivyozidi kutamani matundu madogo. Na katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sheria ile ikaondolewa. Leo ngege wa asili ni nadra sana katika ziwa kuu. Wanaomtaka humkuta katika maziwa madogo ya kandokando, kama Kanyaboli kule Siaya, mithili ya mkimbizi.

Si wavuvi peke yao waliokosea. Katika miaka ya 1950 na 1960 alitiwa ziwani mbuta, samaki mkubwa alaye wenzake. Waliotaka atiwe walikuwa na sababu zao: awageuze fulu wadogo wenye miiba kuwa nyama ya kuuzika, na tena, wasomaji wazingatie, awe samaki wa kuvuliwa kwa mchezo na watu wenye nafasi. Katika miaka ya 1980 mbuta akazidi kwa kiasi kikubwa. Katika ziwa hili palikuwapo aina za fulu zikadiriwazo kufika 500, nyingi zisizopatikana popote pengine duniani. Na katika muda mfupi aina zipatazo 200 zikatoweka au zikawa hazionekani tena. Kweli mbuta alileta fedha, viwanda na kazi, wala hatukanushi. Lakini aliyeipoteza hazina ile hawezi kuirudisha kwa fedha zote zilizopatikana.

Hata maji yenyewe yamebadilika. Mbolea, udongo wa mashamba na uchafu wa miji vimeingia ziwani, mwani ukazidi, na mahali pengi maji hayaangazi kama zamani. Mwaka 1997 wataalamu walionyesha kuwa jike la fulu humchagua dume wa aina yake kwa rangi, na maji yakiwa na ukungu rangi hazionekani, basi aina zikachanganyikana na kupotea. Ziwa likikosa uangavu, viumbe wake hushindwa kutambuana.

Basi turudi kwenye swali. Tumefikiri juu yake muda mrefu, na jibu letu ni kama lifuatavyo.

Kwanza, raha ya kuvua si haramu yenyewe kwa yenyewe. Mola hakuweka furaha katika kazi za halali ili tuione haya. Mkulima hufurahi akiona mimea, mwashi hufurahi akiona ukuta umesimama, na mvuvi hufurahi mshipi ukivutwa. Lakini raha hiyo ni mwandani wa haja. Haja ikiisha, mwandani naye hana budi aage. Aliyekwisha pata samaki watano wa sufuria yake, kisha akamtoboa mdomo wa sita ili ajifurahishe, amemwumiza kiumbe kwa ajili ya mchezo, hata akimwachilia. Katika hili Jaduong' alisema kweli, na rafiki yetu alikosea.

Pili, kumrudisha samaki majini ni jambo jema lenye sababu pale linapofanywa kwa haki ya samaki, si kwa haki ya mchezo. Mtu akimpata mchanga asiyemkusudia, au mama mwenye mayai, na akamrudisha upesi kwa mkono mwema, huyo hakupoteza riziki. Ameiweka akiba mahali pake. Wako wavuvi wasemao kuwa kumrudisha samaki ni kuikufuru neema. Hapana. Neema hukufuriwa na yule aimalizaye.

Tatu, wingi wa watu watendao kosa hauligeuzi kosa kuwa dogo. Sisi tulio wepesi kuuona ukatili wa ndoana moja mkononi mwa mgeni, twapaswa kuuona zaidi ukatili wa kokoro, wavu uburutwao hadi ufuoni na kukokota kila kitu pamoja na mazalia ya samaki, ambao sheria ya Kenya imeukataza. Wa ndoana na wa kokoro wana shina moja la kosa: kila mmoja ameyatazama maji kana kwamba hayana mwenyewe.

Na hapa twawakumbusha wasomaji kisa cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Sabato. Samaki wakawa waja wazi wazi siku hiyo hiyo, na siku nyingine hawaonekani; ndio uliokuwa mtihani wao. Wafasiri wasimulia kuwa watu wale walitega mitego kabla ya siku, wakaja kuitoa baada yake, wakasema, "Hatukuvua siku ya Sabato." Kwa ulimi walikuwa salama, na kwa matendo waliangamia. Kenya nayo imezoea kufunga uvuvi wa omena kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai, ili wazaane. Aendaye usiku akavua kisha mchana akauza kwa jina la akiba ya zamani, na anunuaye naye akijua, wote wawili na wakisome kisa kile upya. Twatambua kuwa miezi minne ni mirefu kwa mwenye watoto na asiye na shamba. Kwa hiyo ni wajibu wa jamaa, wa majirani na wa wenye madaraka kumsaidia mvuvi katika miezi hiyo, wala si kumsomea sheria peke yake hali tumbo lake tupu.

Na sasa twamalizia kwa yale yaliyotokea. Asubuhi ya mwisho tulitoka tena na Jaduong'. Rafiki yetu alitupa mdudu wake wa manyoya, akapata samaki mmoja mmoja, akahesabu. Alipofika wa tano aliukunja mshipi wake mwenyewe bila ya kuambiwa, akaulaza ufito ndani ya mtumbwi. Mzee hakusema neno. Aliacha tu kupiga kasia. Tukakaa pale juu ya maji maangavu kwa muda wa saa nzima, hatuvui. Tulizungumza na rafiki yetu mambo ambayo hatukuwa tumezungumza tangu aliposafiri: wazazi wetu waliokwisha kufa, deni alilokuwa amelificha, na hofu yake ya kurudi ugenini. Chini yetu samaki walikuwa wakipita, wala hapana aliyewaita. Alituambia baadaye kuwa katika miaka yake yote ya uvuvi hakuwahi kupata asubuhi kama ile. Akatambua kuwa ile ladha ya watu wawili katika chombo kimoja, aliyotusimulia, haikuwa katika ndoana.

Ndugu wasomaji, wengi wenu hamvui. Lakini anunuaye ni mshirika wa avuaye, kwa kuwa wavu mdogo husukwa kwa fedha ya sokoni. Basi mara nyingine mkisimama mbele ya kapu, mtazameni samaki urefu wake kabla ya kuuliza bei. Akiwa ni mtoto, mwacheni, na mwambieni muuzaji kwa upole ni kwa sababu gani mmemwacha. Atakayesikia neno hilo kutoka kwa wanunuzi kumi katika siku moja atalifikisha ufuoni, na litafika haraka kuliko makala yetu hii.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.